Nani Aliye Tasa?
Ni ada mbovu katika miji yetu kwamba nyumba ikikosa mtoto, mke ndiye aitwaye tasa. Huzungushwa kwa waganga, kisha huletewa mke mwenza au huachwa. Mume haulizwi neno.

Elimu ya tiba imekwisha kuibatilisha dhana hii. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba takriban mtu mzima 1 katika kila 6 hupatwa na ugumba katika umri wake. Na sababu yaweza kuwa kwa mume, kwa mke, au kwa wote wawili. Manii hupimwa kwa darubini: idadi ya mbegu, mwendo wake na umbo lake. Mtu aweza kuwa na nguvu kamili za kiume, ilhali mbegu hana.

Basi natuulizane: kadhi ahukumuye kwa kusikiliza upande mmoja, je, ni muadilifu? Amwitaye mkewe tasa, naye mwenyewe hajapimwa, amehukumu bila ya ushahidi, na hiyo ni dhulma. Na asemaye kwamba kupimwa ni kupingana na kadari, mbona mkewe humpeleka kwa mganga?

Kukosa mtoto si aibu. Aibu ni kumtwika mwenzio mzigo usioujua ni wa nani. Enyi waume, tangulieni nyinyi kupimwa.