Mtoto Aonekanaye Njiani Mchana

Ndugu zetu wa Kiuyu na kwengineko, tuzingatie jambo lionekanalo dogo.

Mtoto apita njiani saa nne za asubuhi na chupa ya mafuta ya taa mkononi, nao wenzake wako skuli. Mzee aliyekaa barazani amwita: "Njoo, mwanangu. Mwana wa nani wewe, na watoka wapi?" Hivi ndivyo tulivyolelewa, na baba zetu hawakukasirika. Je, askari akiuliza maneno yayo hayo, ni jambo moja?

Mji wa Monrovia, katika California ya Marekani, uliweka amri mwaka 1994 kwamba watoto wasionekane nje saa za masomo. Ikawa hata wasomeshwao majumbani na wazee wao, ambao si watoro, husimamishwa na polisi mara kwa mara wajieleze. Wazee wakashitaki, mwaka 2002 mahakama ya rufaa ikaiacha amri isimame.

Mimi naona si jambo moja. Mzee wa barazani amjua baba, na akisha kujibiwa humwacha mtoto ende zake. Kuuliza kwake ni kulea. Askari aanza kwa tuhuma, na mtoto ndiye atakiwaye kuthibitisha kwamba hakukosa. Nasi twajua kuwa Suratul Hujurat, aya ya 12, yatuonya na dhana na kupelelezana, na aya ya 6 yaamrisha khabari ihakikishwe kabla ya watu kudhuriwa.

Lakini tusijitakase upesi. Wako kwetu wasemao, "Mwanangu namsomesha mwenyewe," kumbe mtoto yuko juu ya mkarafuu, au pwani afunga mwani, na msahafu hajaufunua tangu mwezi uliopita. Hawezi kusingizia ada, kwani elimu ya skuli ilitangazwa bila ya malipo tangu 1964. Wala chuo hakizuii skuli, maana wengi wetu tulikwenda kote kuwili kwa siku moja. Baba huyu ndiye ampaye askari hoja, na aumiaye ni jirani yake asomeshaye kweli kweli.

Kwa hiyo ningependa sheha apige hodi nyumbani kwa baba, amwulize yeye: kijana amefika sura ipi, na hesabu gani aiweza? Akibabaika, aibu ni yake. Mtoto aachwe apite na chupa yake.