Mwache Mama Aende

Andiko: Kumbukumbu la Torati 22:6–7, 1 Wafalme 10:11–12



Jumapili nilipouliza ni nani ana kachupa ka mafuta ya sandali nyumbani, mikono ilikuwa mingi. Kuna anayechanganya matone mawili matatu na mafuta ya nazi, akajikanda mabega jioni. Kuna anayeyatia kwa maji moto ili chumba kinukie. Sawa kabisa. Harufu yake ni ya mti, ni tulivu, na haipotei haraka. Ndiyo maana watengenezaji wa marashi huitumia kushikilia harufu zingine zinazoruka upesi. Hata Mithali 27:9 inakubali kwamba manukato hufurahisha moyo. Lakini tusikizane: usiyanywe, usiyapake bila kuyachanganya, na usiache dawa ya presha ati kwa sababu siku hizi unalala vizuri. Harufu hutuliza. Haichukui nafasi ya daktari.

Sasa, mafuta hayo hutoka wapi? Si kwa majani. Yako kwenye kiini cha mti na kwenye mizizi. Kwa hivyo mwenye tamaa hakati tawi. Anang'oa mti mzima. Msandali wetu humea sehemu kavu zenye mawe, na kuna miti dume na miti jike. Jike ndio unaowindwa zaidi kwa mafuta. Ukiung'oa huo, umeng'oa na mbegu zake. Mwaka wa 2007 Rais Kibaki alipiga marufuku uvunaji wake, lakini hadi leo kuna wanaoung'oa usiku.

Hapo ndipo andiko letu linaingia. Mungu anazungumzia kiota cha ndege! Anasema ukikuta mama amelalia mayai ama makinda, unaweza kuchukua makinda, lakini mama mwache aende. Ukitii, utapata heri na siku nyingi. Mungu hakatazi mapato. Anakataza mapato yanayoua kesho. Mimi nilisomea biashara, na somo la kwanza lilikuwa hili: faida si mtaji. Anayekula mtaji akidhani ni faida hufilisika huku anacheka.

Kijana mmoja wetu ameniruhusu nisimulie haya. Ana pikapu, na alikuwa na deni la kodi ya nyumba ya miezi mitatu. Mtu akampigia simu: lete gari usiku mmoja tu, ubebe “kuni” kutoka huko kukavu. Malipo yangemaliza deni lote. Akaja kwangu: “Pasta, niombee safari. Na fungu la kumi nitaleta lote kwa paa la kanisa.”

Wapendwa, nitasema ukweli. Kabla sijafungua mdomo, niliona mabati mapya. Nilianza hata kuyahesabu! Kisha Roho akaniuliza: ni kuni gani hizo zinazofunikwa turubai na kusafirishwa saa nane usiku? Nikamwambia sitaiombea safari hiyo, na kanisa halitapokea pesa hizo.

Soma 1 Wafalme 10. Sulemani pia aliletewa msandali, akaufanyia kazi nyumba ya Bwana na vinubi vya waimbaji. Huenda si mti huu wetu, lakini imeandikwa ulikotoka na merikebu za nani ziliuleta. Nyumba ya Mungu ilijengwa kwa mbao zenye risiti. Mwambie jirani yako: mbao zenye risiti!

Kijana aliikataa ile kazi. Natamani ningewaambia deni liliisha kesho yake. Halikuisha. Anabeba vitunguu vya sokoni na kulipa kidogo kidogo, kama Mithali 13:11 inavyofundisha. Basi ukiwa na mzigo wa kuhamisha, mpigie yeye kwanza. Hiyo pia ni ibada.

Wiki hii, angalia kachupa kako. Uliza muuzaji mafuta yametoka wapi. Akikosa jibu, usirudi hapo. Ukijua mahali miti inang'olewa usiku, usinyamaze. Mwambie chifu ama afisa wa misitu. Na ujiulize: katika riziki yangu, ni mama yupi ninamng'oa?

Tuombe: Bwana, tupe mkate wa leo bila kuiba wa watoto wetu. Tukinukia, tunukie haki. Katika jina la Yesu, Amina.