Mwenye Uso na Mwenye Sauti

Liko swali ambalo vijana huuliza na wakubwa hulijibu haraka mno: Je, ni haki mtu mmoja aonekane akiimba, na sauti iwe ya mtu mwingine? Wako wasemao mara moja, "Huo ni uwongo." Wako wengine wasemao, "Ni mchezo tu, ubaya uko wapi?" Sisi twaona kwamba majibu hayo yote mawili ni mafupi mno. Na tulitazame jambo hili polepole, tukichukua mfano wa picha za sinema za zamani zenye nyimbo nyingi, ambazo siku hizi zimerudi nyumbani mwa watu zikiwa safi ajabu.

Picha za zamani, macho mapya

Kwanza tueleze zimerudi namna gani. Picha ya sinema ya zamani ilipigwa juu ya utepe mrefu, vipicha 24 kwa kila sekunde. Utepe ukiwa mpana, hushika hata mambo madogo. Picha kubwa kama My Fair Lady ya mwaka 1964 na The Sound of Music ya mwaka 1965 zilipigwa juu ya utepe wa milimita 65, karibu mara mbili ya upana wa utepe wa kawaida wa milimita 35. Lakini utepe nao huzeeka: rangi hupauka, vumbi huganda, mikwaruzo huzidi. My Fair Lady iliharibika vibaya, hata mwaka 1994 mafundi wakaifanyia matengenezo makubwa, na mwaka 2015 wakaishughulikia tena. The Sound of Music nayo ilisafishwa upya mwaka 2025, ilipotimiza miaka 60. Mashine husoma kipicha kimoja kimoja, kisha mafundi huondoa vumbi na mikwaruzo kwa kompyuta. Televisheni ya zamani ya Ulaya ilichora picha kwa mistari 625. Leo diski ya nyumbani huwa na mistari 1080, na iliyo bora zaidi 2160.

Kwetu Baraka na Fizi jambo hili lina sura ya pekee. Watu wa nchi nyingine wakizitazama picha hizo hukumbuka ujana wao. Sisi hatuna la kukumbuka. My Fair Lady ilipotoka mwezi wa Oktoba 1964, nchi yetu ilikuwa katika maasi. The Sound of Music ilipotoka mwezi wa Machi 1965, vita vilikuwa bado milimani kwetu, na mwezi uliofuata Che Guevara alivuka ziwa kutoka upande wa Kigoma akashuka pwani ya Fizi. Wakati ule baba zetu na mama zetu walikuwa wakitafuta mahali pa kulala salama, si mahali pa kutazama sinema. Basi picha iliyo ya zamani kwa wengine, kwetu ni mgeni mpya. Yaweza kutufikia katika kadi ya simu, au katika chumba cha video chenye jenereta, au katika televisheni ndogo ya umeme wa jua. Kwa kuwa hatukuizoea, twaitazama bila mapenzi ya zamani ya kutufumba macho.

Twaona nini? Twaona mbingu iliyopakwa rangi juu ya kitambaa. Twaona poda shavuni mwa mchezaji. Na mwenye kutazama sana huona jambo jingine tena: mchezaji anafungua kinywa, sauti kubwa inatoka, lakini shingo yake haikazi wala kifua chake hakipandi. Huyu haimbi. Basi aimbaye ni nani?

Walioimba gizani

Mmoja wa hao ni Marni Nixon, mwanamke wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1930 akafariki mwaka 2016. Katika The King and I ya mwaka 1956 alimwimbia Deborah Kerr. Katika West Side Story ya mwaka 1961 alimwimbia Natalie Wood. Katika My Fair Lady alimwimbia Audrey Hepburn sehemu kubwa ya nyimbo. Picha hizo tatu zilipata tuzo za Oscar 5, 10 na 8. Lakini zilipotoka, jina la Marni Nixon halikuandikwa hata katika moja. Baadaye yeye mwenyewe alisimulia kwamba wakati wa ile ya kwanza alionywa: akitoa siri ile, hatapata kazi tena Hollywood.

Wala wenye nyuso hawakusalimika. Natalie Wood aliimba nyimbo zake zote mbele ya mashine akiamini kwamba sauti yake ndiyo itakayosikika, kumbe wakubwa walikwisha kuamua vingine. Audrey Hepburn naye alijifunza nyimbo, akaziimba, kisha nyingi zikaondolewa. Tuzo za Oscar zilipotolewa mwaka 1965, jina lake halikuwamo hata katika orodha ya wanaoshindaniwa.

Katika The Sound of Music, hadithi ya Maria aliyejifunza utawa katika monasteri ya Nonnberg mjini Salzburg, Julie Andrews aliimba kwa sauti yake mwenyewe. Lakini nyimbo za Kapteni, aliyechezwa na Christopher Plummer, ziliimbwa na Bill Lee, na wimbo mkubwa wa Mama Mkuu wa monasteri uliimbwa na Margery McKay. Mwenye kuitazama picha hiyo leo atazame vema wale masista: mmoja wao, Sista Sophia, ni Marni Nixon. Hapo watu walimwona usoni katika sinema, baada ya kuisikia sauti yake miaka mingi.

Je, ni uwongo?

Sasa turudi katika swali letu. Kusema uwongo ni kusema kinyume cha unachokijua, ukikusudia kumpotosha mwenzako. Bibi akisimulia hadithi jioni karibu na moto, mara huongea kama Sungura, mara huunguruma kama Simba. Hakuna mtoto amwambiaye, "Bibi, umesema uwongo." Wote wamekubaliana kwamba ni hadithi. Vivyo hivyo katika vyumba vyetu vya video, mara nyingi filamu ya kigeni husimuliwa kwa Kiswahili na mtu mmoja, naye huongea kwa niaba ya wote, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto. Hatudanganyiki hata kidogo, maana twajua kwamba ni yeye, na mwenyewe hulitaja jina lake kila mara kwa majivuno.

Kwa hiyo hatusemi kwamba kuazima sauti ni uwongo. Mchezaji mmoja ana uso na mwendo, mwingine ana koo zuri, nao wakishirikiana hufanya kitu ambacho kila mmoja peke yake asingekiweza. Huo ni ushirika, na ushirika ni jambo jema. Kosa laanza pale anayeazima anapomficha aliyemwazima. Mtu anasifiwa kwa jasho la mwingine, na mwenye jasho anaambiwa anyamaze. Wahenga walisema, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

Mtu aweza kutujibu: "Lakini yule mwimbaji alikubali mwenyewe, tena alilipwa." Ni kweli, alilipwa. Lakini mtu anayeambiwa, "Sema nasi tutakunyima kazi," hakukubali kwa moyo mweupe. Alikubali kama mwenye njaa anavyokubali bei ya mnunuzi sokoni. Tena mshahara hulipia kazi, haununui jina la mtu. Leonard Bernstein, aliyetunga muziki wa West Side Story, alilielewa jambo hilo. Marni Nixon alipodai fungu katika mapato na kukataliwa, Bernstein alimpa sehemu ndogo ya fungu lake mwenyewe, robo ya asilimia moja. Kiasi ni kidogo, lakini mtu alikata katika mkate wake.

Wengine wamepata njia bora. Katika sinema za Kihindi, zilizopendwa sana Zanzibar na Dar es Salaam, karibu nyimbo zote huimbwa na mtu asiyeonekana. Huko nako mambo yalianza kwa kuficha. Nyimbo za Mahal ya mwaka 1949 zilipotolewa katika santuri, aliyeandikwa kuwa mwimbaji alikuwa yule mwanamke wa katika hadithi, kana kwamba mtu wa hadithi ana koo! Wasikilizaji waliiuliza redio: aimbaye ni nani? Ndipo jina la Lata Mangeshkar likatajwa. Yeye naye hakunyamaza. Alidai waimbaji watambuliwe, na mwaka 1959 tuzo za Filmfare zikaanza kutolewa kwa waimbaji pia. Tangu hapo hakuna anayedanganyika huko: uso una jina lake, na sauti ina jina lake, na watu hufurahia vyote viwili.

Nasi Wakongo tunayo picha yetu yenye nyimbo, La Vie est Belle ya mwaka 1987. Aliyeitengeneza pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy ni Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, katika mkoa wetu huu wa Kivu ya Kusini. Ndani yake Papa Wemba ni mtu wa kijijini anayekwenda Kinshasa kutafuta muziki. Uso ni wake na sauti ni yake. Twamtaja si kwa kuwaaibisha wanaoazima, ila vijana wajue kwamba hata hapa kwetu kazi ya namna hiyo imefanyika.

Furaha haipungui

Wako wanaoogopa: "Tukijua yote haya, picha haitatufurahisha tena." Sisi hatuoni hivyo. Mwanamke wa Baraka anunuapo ndagala asubuhi, anajua kwamba kuna watu waliokesha ziwani na taa zao, wakivuta nyavu katika baridi. Je, ndagala huwa chungu kwa kulijua hilo? La, bali anayejua hatupi chakula ovyo, wala hamwonei mvuvi katika bei. Ndivyo ilivyo kwa wimbo. Furaha inayotaka tufumbe macho ni furaha dhaifu.

Mwingine atauliza: "Marni Nixon amekwisha kufa. Kumtaja leo kunamfaa nini?" Ndugu, watu wa Fizi na Baraka wasiulize hivyo. Tarehe 28 Novemba 1964 waliuawa hapa Baraka Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara, na kule Fizi Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Tarehe 18 Agosti 2024, karibu miaka 60 baadaye, majina yao manne yalitajwa mbele ya umati mjini Uvira, wakatangazwa wenye heri. Hatulinganishi damu ya mashahidi na wimbo wa sinema, hasha. Twasema tu kwamba sisi tumekwisha kuona kwa macho yetu kuwa jina likitajwa kwa kuchelewa bado lina nguvu, nalo huwafaa zaidi walio hai.

Sisi tufanyeje?

Papa Pius XII alipoandika Miranda Prorsus mwaka 1957, juu ya sinema, redio na televisheni, alimpa kila mmoja wajibu wake: watengenezaji, wachezaji, wenye majumba ya sinema, na watazamaji pia. Basi nasi tusiseme kwamba haya ni mambo ya Hollywood tu. Siku hizi kwaya na vijana wetu hupiga video za nyimbo kwa simu. Mara nyingi wimbo hurekodiwa kwanza, kisha watu huigiza kwa midomo, ndiyo ile vijana waitayo pleibaki. Haina ubaya. Lakini tuseme msichana mwenye sauti nzuri ameimba, kisha mbele ya kamera amewekwa mwingine kwa sababu ana kitambaa kizuri au ni binti wa mtu mkubwa. Video inasambaa hadi Uvira na Kigoma, sifa zinamwendea aliyeonekana, na yule mwimbaji hana hata jina lake chini ya picha. Hapo tumefanya kwa mtoto wetu wa hapa Baraka jambo lile lile tunalowalaumu wageni wa mbali.

Viongozi wa kwaya, andikeni majina: aliyetunga, aliyeimba, aliyepiga ngoma, aliyeshika kamera. Kuyaandika hakugharimu kitu. Fedha zikipatikana, zigawanywe kwa kazi, si kwa sura. Nanyi mnaoonekana, mkisifiwa kwa sauti isiyo yenu, semeni wazi, "Aliyeimba ni fulani." Na sisi watazamaji, picha ikiisha, tusikimbilie kuizima. Tusome majina yanayopita, tena tuulize nani hakuandikwa.