Mtungi Ulioachwa Kisimani

Somo: Yohana 4:5–42



Mwezi huu nataka tutafakari pamoja juu ya mama wa nyumbani anapogeuka na kuwa mtu mpya, na juu ya sisi wengine tunaokaa naye nyumba moja. Nitaanza na mchezo wa kuigiza, maana nimekuwa mwalimu muda mrefu na mazoea hayaachi.

Mchezo wenyewe huitwa Nguzo Mama. Uliandikwa na Penina Muhando, ambaye wengi leo wanamfahamu kwa jina la Profesa Penina Mlama. Ni mzaliwa wa Berega katika mkoa wa Morogoro, mahali ambapo Kanisa letu la Anglikana lina misheni ya siku nyingi. Kitabu cha mchezo huo kilitoka mwaka 1982. Katika kijiji cha Patata kuna nguzo iitwayo Nguzo Mama, nayo imelala chini. Wanawake wa kijiji, ambao mwandishi amewaita kwa hesabu tu, Bi Moja, Bi Pili, hadi Bi Nane, wanataka kuisimamisha. Msimulizi wetu ni mtu aitwaye Chizi, na kama ilivyo kawaida ya machizi, yeye huyaona mambo ambayo wenye akili zao hawayaoni. Akina mama wanajitahidi, lakini kila mmoja anavutwa na ya nyumbani kwake, yaani waume, umaskini na mzigo wa kila siku. Tena wao kwa wao hawapatani. Mchezo unakwisha, na nguzo bado haijasimama.

Katika miaka ya 1980, nikiwa mkufunzi kijana katika chuo cha ualimu, wanachuo wangu waliuigiza mchezo huu mwisho wa muhula. Niliwasimamia mazoezi mwezi mzima. Walipokosa mavazi ya jukwaani nilikwenda nyumbani nikafungua sanduku la mke wangu, nikachukua doti sita za kanga zake. Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Baada ya mchezo nilipanda jukwaani nikahutubia juu ya ukombozi wa mwanamke, na watu wakapiga makofi.

Mke wangu hakuwapo. Hapakuwa na mtu wa kukaa na watoto.

Nilirudi usiku na furushi la kanga limechafuka vumbi la jukwaa. Nikamkuta ameinama juu ya beseni akifua nepi. Nikaliweka furushi kando yake. Akalitazama, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: “Baba Rehema, hao waliokuwa wakiinua nguzo wamekwenda kulala. Kanga zao nizifue mimi?”

Sikuwa na jibu. Nilijua anachosema, maana kwa miaka saba alikuwa ameniomba ruhusa ya kwenda kwenye masomo ya jioni afanye mtihani wa kidato cha nne. Alikuwa anatamani uuguzi. Kila mwaka jibu langu lilikuwa lile lile: “Subiri watoto wakue.” Sikumpiga, wala sikumtukana, wala sikumnyima chakula. Nilimwambia tu asubiri. Mtu anaweza kuizuia nguzo isisimame bila kuisukuma. Inatosha akae juu yake.

Tangu usiku ule, kila nisomapo mchezo juu ya mama wa nyumbani hutazama mwisho wake na kujiuliza: Je, kazi zake zimebaki kwa nani?

Wengi wenu mliosoma sekondari mmesikia habari za Nora, katika mchezo wa Henrik Ibsen wa Norway, ulioonyeshwa mara ya kwanza mjini Copenhagen tarehe 21 Desemba 1879. Nora ni mke wa mtu wa benki na mama wa watoto watatu. Mumewe anampenda jinsi mtoto anavyopenda mwanasesere, humwita kwa majina ya ndege na vinyama. Zamani mume huyo alipougua, Nora alikopa fedha kwa siri na kughushi sahihi ya baba yake, apate kumpeleka Italia akapone. Siri inapofichuka, mume anaililia heshima yake mwenyewe. Na hatari inapopita anamsamehe kana kwamba hakuna lililotokea. Hapo Nora anafumbuka macho. Anarudisha pete, anatoka usiku, na mlango unafungwa nyuma yake. Watu wa Ulaya walihamaki. Kwa maonyesho ya Ujerumani ya mwaka 1880, mwigizaji mmoja alikataa kuigiza mama anayewaacha watoto wake, hata Ibsen akalazimika kuandika mwisho mwingine, ambao yeye mwenyewe hakuupenda.

Basi tuna miisho miwili. Nora anageuka, lakini anageuka peke yake, na nyumba inabaki nyuma ya mlango uliofungwa. Akina mama wa Patata wanabaki kijijini, lakini nguzo inabaki chini. Je, Injili inatupa mwisho gani?

Hebu tumtazame yule mama Msamaria. Ni saa sita mchana, jua kali, naye amekuja kuteka maji katika kisima cha Yakobo. Ndiyo kazi yake ya kila siku. Maisha yake yana majeraha, amepita mikononi mwa waume watano. Yesu amechoka na ana kiu, naye anamwomba maji. Wanafunzi hawapo. Angalieni mstari wa 8: wanaume wale wamekwenda mjini kununua chakula. Hakuna aliyeona ajabu kwamba wanaume wamekwenda sokoni. Ajabu waliyoiona wao, mstari wa 27, ni kwamba Mwalimu wao anazungumza na mwanamke.

Naye anazungumza naye kweli. Hamwambii habari za chumvi na kuni. Anazungumza naye juu ya ibada, juu ya Roho, juu ya Masihi, mambo ambayo waalimu wa siku zile walizungumza wanaume kwa wanaume. Hamfichi maisha yake, wala hamdharau kwa ajili yake. Na katika mstari wa 28 mama yule anauacha mtungi wake, anakwenda mjini kuwaita watu.

Mahubiri mengi niliyoyasikia husifu kuachwa kwa mtungi ule, na ni haki. Lakini mimi niliyeletewa maji miaka mingi nauliza swali la mtu wa nyumbani: Mtungi ule nani aliuchukua? Maana jioni ilifika, na huko nyumbani watu walitaka kunywa, kupika na kuoga. Maji yaliyo hai hayaondoi haja ya maji ya mtungini.

Yohana hatuambii. Lakini anatuambia jambo jingine. Mstari wa 30 unasema watu wa mji walitoka wakamwendea Yesu. Njia yao ilikuwa ile ile ya kisimani, na mtungi ulikuwa hapo hapo. Mji mzima ulikuja mahali ambapo mzigo wa mama yule ulikuwa umekaa chini, ukisubiri mtu wa kuuinua. Na mwishoni, mstari wa 42, wanamwambia kwamba sasa wanaamini kwa sababu wamesikia wenyewe. Hakugeuka peke yake, wala mlango haukufungwa nyuma yake. Alirudi mjini, na mji ukageuka pamoja naye. Huo ndio mwisho wa tatu, nao ndio wa Injili.

Ndugu zangu akina baba, hapa ndipo neno linapotuangukia sisi. Mama akiguswa na Kristo, akataka kusoma, kuhubiri, kufanya biashara, au kuketi tu na kusali nusu saa bila kuitwa, ataacha mtungi mahali fulani. Swali la imani siku hiyo si lake. Ni letu. Tutaupita mtungi na kumlalamikia kwamba nyumba haina maji, au tutainama tuuchukue? Tunapenda kuusoma Waefeso 5 kuanzia mstari wa 22, juu ya wake kuwatii waume. Tuanzie mstari wa 21, unaotutaka tunyenyekeane sisi kwa sisi; kisha tufike wa 25, unaomtaka mume ampende mkewe kwa mfano wa Kristo, aliyejitoa kwa ajili ya Kanisa. Mtu aliyejitoa hawezi kushindwa na ndoo.

Tusijidanganye pia kwa mambo makubwa. Tarehe 19 Machi 2021, katika Ikulu ya Magogoni hapa jirani, mwanamke aliapishwa kuwa Rais wa nchi hii kwa mara ya kwanza. Tulishangilia. Asubuhi iliyofuata akina mama walishuka kwenye pantoni na ndoo zao alfajiri kama kawaida, kwenda kununua samaki Feri, na nyumbani waliacha wamekwisha kuchemsha chai. Nguzo ya Ikulu ikisimama, ya jikoni haisimami yenyewe.

Hata sheria imetutangulia sisi watu wa Kanisa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango wake katika mali ambayo wawili wameichuma. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema, “Mke wangu hafanyi kazi, yupo tu nyumbani,” ujue majaji wamekwisha kumjibu. Na dada yangu unayesoma haya huku umeficha alama za kipigo chini ya kanga, Kristo hakukuagiza uvumilie fimbo. Mwendee Kasisi, waendee wazee wa mtaa na akina mama wenzako. Usiseme ni aibu yako. Si yako.

Nanyi akina mama, msisahau lililowashinda wenzenu wa Patata, kutopatana. Umoja wa Akina Mama wa Kanisa letu ulianza mwaka 1876 katika kijiji cha Old Alresford, Uingereza, na mke wa kasisi, Mary Sumner. Siku ya kwanza akina mama walipokusanyika, aliingiwa na hofu hata akashindwa kusema. Akawaomba warudi wiki ijayo. Wangeweza kumcheka. Walirudi, naye akasema. Leo Umoja huo una wanachama wapatao milioni 4 duniani. Mama mmoja alipopata kigugumizi, wenzake walimngoja. Je, sisi hapa mtaani, mwenzetu akisimama kwa mara ya kwanza kusoma somo akakosea, tunamngoja au tunatazamana na kutabasamu?

Namalizia na kanga. Usiku ule nilizifua mimi, vibaya, na mbili zilichuja rangi. Mwezi uliofuata mke wangu alianza masomo ya jioni. Mimi nilijifunza kupanga foleni bombani kati ya akina mama waliosema kwa sauti ya kusikika kwamba Mwalimu amelishwa kitu. Uji wangu uliungua mara nyingi. Alifanya mtihani na akafaulu. Lakini alipoomba uuguzi aliambiwa umri umepita. Ile miaka saba ya “subiri” haikurudi, na sina namna ya kuirudisha. Amenisamehe, na ndiye aliyeniruhusu kuandika haya. Aliposoma nilichoandika alisema niongeze jambo moja: kwamba toba ya mume isiishie kwenye gazeti la mtaa.

Kwa hiyo naleta ombi dogo. Jumapili ijayo, ibada ikiisha, kila baba arudi nyumbani na kumwuliza mkewe: “Kuna jambo gani uliloniomba nami nikakuambia usubiri?” Kisha anyamaze asikilize. Akina mama wajane na wasio na waume waulizwe na sisi wanamtaa, maana hao hubeba mtungi bila hata mtu wa kulalamikiwa.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyechoka ukaketi kisimani na kumwomba mama maji, tusamehe sisi tunaokunywa bila kuuliza nani ameteka. Wape mama zetu, wake zetu na binti zetu nafasi ya kukusikia. Na wanapoondoka kwenda kuwaita watu, utupe sisi mikono ya kuuinua mtungi walioacha. Amina.