Je, Mara Arobaini Zatosha?

Msomaji, twaa kalamu uandike 41. Ongeza 2, upate 43. Ongeza 4, upate 47. Ongeza 6, upate 53. Kisha 8, kisha 10, uendelee vivyo hivyo. Utaona kwamba kila namba uipatayo ni namba tasa, yaani haigawanyiki kamili ila kwa 1 na kwa yenyewe. (Jina hilo la utasa silipendi sana, maana hizo ndizo zizaazo namba nyingine zote kwa kuzidishwa.) Mfuatano huu aliutaja Leonhard Euler, mtaalamu mzaliwa wa Uswisi, mwaka 1772.

Namba ya ishirini ni tasa. Ya thelathini ni tasa. Ya arobaini, ambayo ni 1601, nayo ni tasa. Hakimu huweza kuridhika na mashahidi wawili; wewe unao arobaini. Lakini ongeza 80, upate 1681, nayo ni 41 mara 41.

Hata wakubwa walipatwa na hayo. Pierre de Fermat wa Ufaransa alitazama 3, 5, 17, 257 na 65537, akaamini kuwa mfuatano huo ni wa namba tasa daima. Mwaka 1732 Euler alionyesha kuwa namba ifuatayo, 4294967297, hugawanyika kwa 641.

Je, tusimwamini mtu yeyote basi? La hasha! Atakaye uthibitisho wa kila jambo hatakula hata chakula cha mamaye. Tena namba haiumii ikishukiwa, mtu huumia.

Walakini rudi kwenye 41. Namba ya pili ni 41 na 1 mara 2; ya tatu ni 41 na 2 mara 3. Basi ya arobaini na moja ni 41 na 40 mara 41. Mwenye kuuliza “kwa nini?” angaliliona hilo kabla hajahesabu hata moja, mwenye kuuliza “mara ngapi?” hakuliona.

Sasa mfikiri mwenye duka aliyekurudishia chenji sawasawa mara arobaini. Je, ni mwaminifu, au ni kwa sababu wewe huzihesabu mbele yake? Mara arobaini hizo hazikujibu, kwa kuwa zote ulikuwapo. Siku ya arobaini na moja una homa, nawe wamtuma mdogo wako asiyejua kuhesabu.