Macho ya Anayehama

Mtu akiisha kujua siku ya kuhama kwake, nchi yake humgeukia kabla hajafunga mzigo. Kijana wa Wamaza ajiandaaye kwenda kukaa Kindu au Kalemie huenda kisimani asubuhi kama kila siku. Lakini siku hizo za mwisho huuona ukungu wa kiangazi ukilala juu ya mashamba ya muhogo, naye hushangaa. Michikichi ile ile ameipita mara elfu. Njia ya Kabambare, aliyoilaani kwa matope yake wakati wa mvua, sasa yampendeza.

Basi lazuka swali. Je, uzuri huo upo kweli, au ni moyo wa huzuni unaojidanganya? Na kama upo, je, ni haki kuutazama, au afadhali kufumba macho ili kuagana kusiumize?

Wengi hujibu ya kuwa ni udanganyifu tu: mwenye kuondoka husifu kila kitu, kama watu wasifuvyo maiti. Jawabu hilo lina akili, ila halitoshi. Ukungu haukuzaliwa juzi. Ulikuwapo siku zote. Kilichoongezeka ni uangalifu wa mtu. Tena mgeni, asiye na huzuni yo yote ya kuagana, huuona vile vile.

David Livingstone, Mskoti, alifika Bambarre katika nchi ya Manyema mwaka 1869. Mwaka uliofuata vidonda vya miguu vilimzuia kutembea siku nyingi. Hata hivyo aliandika ya kuwa nchi hii ni nzuri mno, na michikichi imesimama hata juu ya vilele vya milima. Mwezi wa Machi 1871 alifika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. Alitaka kuvuka mto na kuendelea mbali, akangoja mitumbwi karibu miezi minne, asiipate. Wino ulikuwa umekwisha. Aliandika kwa maji ya matunda ya porini juu ya magazeti ya zamani. Katika kungoja huko alizoea kwenda sokoni. Aliwatazama wanawake wakija kwa mamia na vyungu, samaki, chumvi, kuku na mafuta ya mawese, wakibishana bei na kucheka, naye akaandika habari zao kwa furaha.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanya biashara waliotoka pwani waliwapiga risasi watu wa soko lile. Mamia walikufa, wengi wakizama mtoni katika kukimbia. Livingstone aliacha shauri la kuvuka, na baada ya siku chache akashika njia ya kurudi Ujiji. Habari alizoziandika zilipofika Uingereza ziliwaudhi watu sana, zikazidisha madai ya kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja, nalo likafungwa mwaka 1873.

Hapo uzuri si jambo la macho peke yake. Aliyekwisha kumtazama mwanamke akicheka juu ya bei ya samaki hawezi tena kumhesabu kama mzigo. Wenye bunduki nao walikwenda soko lile lile; lakini waliona nini?

Yuko pia atazamaye vibaya. Husifu kilima, asipite nyumbani kwa jirani waliyegombana. (Watu wa namna hiyo hupenda sana kuimba sifa za kwao wakiwa mbali.) Atazamaye vema huona na mikono ya watu: nani alikisafisha kisima, nani hulitengeneza daraja la magogo kila lichukuliwapo na maji. Huwaendea akawashukuru, na kama ana deni hulilipa kabla ya safari. Wengi wa Kasongo na Kabambare hawakupewa nafasi hiyo. Katika vita vilivyoanza 1996 na 1998 walikimbia na watoto mgongoni, bila kumwaga mtu.

Katika kitabu cha Mwanzo, Muumba hakungoja siku ya kuagana ndipo atazame. Alitazama kazi ilipokuwa ingali mpya. Kwa hiyo swali lililo gumu zaidi halimhusu kijana ahamaye. Lamhusu dada yake abakiye, atakayechota maji katika kisima kile kile kesho, na kesho kutwa, wala hakuna tarehe iliyowekwa ya kumfumbua macho.