Mtoe Mtu Ukutani

Wanangu mnaopiga picha Kasongo na Kabambare, kilio chenu nimekisikia. Mna aparei ndogo za mfukoni, mnataka mtu aonekane wazi na nyuma yake pawe na ukungu laini, na haitoki. Mnasema aparei ni mbovu. Si mbovu. Kibati chake cha kupokea mwanga kina upana wa milimita 6 hivi, cha kamera kubwa za kazi kina 36, na aparei ya namna hiyo huonyesha vyote wazi, vya karibu na vya mbali. Dawa yake ni miguu.

Siku ya Idi nawaona. Mteja anafika na kanzu mpya, nanyi mnamsimamisha mgongo umegusa matofali, kama anapigwa picha ya kitambulisho. Ukuta uliogusana na mtu utatoka wazi pamoja naye, hata kwa kamera ya bei kubwa. Mtoe hapo. Msogeze mbele hatua kumi na tano, awe uwanjani, miembe ibaki mbali nyuma yake.

Kisha rudi nyuma wewe, vuta lenzi mpaka mwisho, kichwa na kifua vijae kwenye picha. Wengi wenu mnafanya kinyume: mnaacha lenzi pana, mnamsogelea mtu mpaka pua inavimba. Aliyesoma namba za lenzi atabisha kwamba ukivuta, namba ya tundu inapanda kutoka 2.8 hadi karibu 6, basi ukungu utapungua. Mwanangu, namba hiyo ni ya kugawanyia tu. Chukua lenzi ya milimita 4.5, gawanya kwa 2.8: tundu ni milimita 1.6. Ukiivuta hadi milimita 22.5, ugawanye kwa 5.9, unapata 3.8. Tundu limekua zaidi ya maradufu, na miembe ile inayeyuka. Ila komea pale lenzi yenyewe inapoishia. Zuumu ya dijitali inakata picha na kuikuza, basi.

Bonyeza kitufe nusu, mraba ukae kwenye jicho, ndipo umalizie. Lenzi iliyovutwa, ingawa tundu limekua, inafikisha mwanga kidogo kwenye kibati na mkono hautulii, kwa hiyo egemea mti, piga kungali na mwanga wa kutosha. Kwa hina ya bibi arusi washa alama ya ua, ile ya kupigia vitu vya karibu, lenzi uiache pana, usogee mpaka vidole vijae kwenye kioo. Hapo hata aparei ndogo inatoa ukungu wenyewe, na kila ncha ya ua la hina inaonekana.

Ukungu wa simu siupendi. Simu inakisia mtu anaishia wapi, ikikosea inakula ncha za kilemba na nywele za kusuka, na mama wa watu aliyesukwa tangu asubuhi anakosa kazi ya kichwa chake.

Lakini kuna jambo linanikaa rohoni kuliko haya yote. Zamani nilimpiga mama mmoja wa upande wa Kabambare mbele ya nyumba yake. Nilikuwa nimeujua ufundi huu karibuni, nikauonyesha: uso safi, nyumba ikawa doa la rangi ya udongo. Vita vikaja, wakakimbia, nyumba ikaungua. Miaka ikapita, akaja kuniuliza kama ninayo picha nyingine ya siku ile, inayoonyesha mlango. Mlango aliuchonga marehemu mumewe. Sikuwa nayo.

Huku kwetu watu wamekimbia zaidi ya mara moja, na kwa wengi picha ndiyo iliyobaki ya uwanja na ya paa. Kwa hiyo, wanangu, kabla ya kumtoa mtu ukutani muulizeni kwanza kama ukuta ule ni wake. Akisema ni wake, pigeni mbili.